Adimu si lazima iwe ghali: Funzo la shampeni ya mwaka wa joto

WAFANYABIASHARA wa mazao huijua kanuni moja hata bila kuisoma darasani. Msimu ukiharibika, mzigo hupungua. Mzigo ukipungua, bei hupanda. Mwenye magunia ya karafuu au kahawa ghalani katika mwaka wa mavuno mabaya hana haja ya kuhangaika kutafuta soko, kwani wanunuzi humfuata wenyewe.

Kanuni hiyo ni ya kweli kwa mazao mengi, lakini ina mpaka wake. Wiki hii ukurasa huu unaitazama bidhaa ambayo mwaka wake wa mavuno haba uliwagawa wanunuzi makundi mawili, na hadi leo makundi hayo hayajapatana. Bidhaa hiyo ni shampeni ya Ufaransa ya mwaka 2003, na hasa ile inayouzwa kwa jina la Dom Pérignon.

Msomaji anaweza kuuliza: shampeni ya Ufaransa inamhusu nini mwenye mtaji mdogo? Inamhusu kwa sababu mvinyo wa kuhifadhi, kama zilivyo saa za thamani na picha za kuchora, siku hizi hutangazwa kuwa "mali mbadala" kwa watu ambao zamani wangeweka akiba zao benki au katika dhamana za serikali. Maneno ya wauzaji ni yale yale: chupa za mwaka fulani hazitatengenezwa tena, kila moja inayonywewa inapunguza akiba iliyobaki, kwa hiyo bei lazima ipande. Sehemu mbili za kwanza za maneno hayo ni kweli. Sehemu ya tatu ndiyo inayohitaji kuchunguzwa kabla ya kutoa fedha.

SHAMPENI YA MWAKA NI IPI?

Kisheria, shampeni ni mvinyo wenye povu unaotoka katika mkoa wa Champagne tu, kaskazini mashariki mwa Paris, ambako miji mikuu ya biashara hiyo ni Reims na Épernay. Mashamba ya mizabibu ya huko yana ukubwa wa hekta zipatazo 34,000. Aina za zabibu zinazotumika zaidi ni tatu: Pinot Noir na Meunier, ambazo ni nyeusi, na Chardonnay, ambayo ni nyeupe.

Povu lake halitiwi kwa mashine kama la soda. Mvinyo wa kawaida hutengenezwa kwanza, kisha hutiwa ndani ya chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, na chupa hufungwa. Hamira hula sukari na kutoa gesi, na kwa kuwa gesi hiyo haina pa kutokea, hubaki ndani ya mvinyo. Mgandamizo ndani ya chupa hufikia kiasi cha mara 6 ya ule wa hewa ya kawaida, yaani zaidi ya mara mbili ya ule wa gurudumu la gari dogo. Hamira ikishakufa hubaki chini kama mashapo, na mvinyo ukikaa juu ya mashapo hayo kwa miaka hupata ladha ambayo wanywaji huilipia. Mwishoni mashapo hutolewa, kizibo cha kudumu huwekwa, na chupa huingia sokoni.

Sehemu kubwa ya shampeni inayouzwa duniani haina mwaka juu ya lebo yake. Watengenezaji huchanganya mvinyo wa miaka mbalimbali ili ladha isibadilike, na mnunuzi wa mwaka huu apate kile kile alichokunywa mwaka jana. Champagne ni nchi ya baridi, na zamani jua lilikuwa la kubahatisha. Kuchanganya kulikuwa ndiyo bima yao dhidi ya hali ya hewa.

Ni pale tu kampuni inaporidhika na mavuno ya mwaka mmoja ndipo inapoandika mwaka huo kwenye lebo. Hapo sheria hutaka zabibu zote ziwe za mwaka huo, na mvinyo ukae ghalani si chini ya miaka 3 tangu utiwe chupani, wakati ile isiyo na mwaka hutakiwa kukaa miezi 15 tu. Kwa desturi, kampuni kubwa huweka ile bora kwa muda mrefu zaidi. Dom Pérignon, kwa mfano, hukaa kiasi cha miaka 8 kabla ya kuuzwa mara ya kwanza.

Kwa lugha ya biashara, kuandika mwaka kwenye lebo ni tamko. Kampuni inamwambia mnunuzi: "Huu ulikuwa mwaka mzuri, na jina letu linaudhamini." Swali la 2003 ni kama tamko hilo lilistahili.

MWAKA ULIOANZA NA JALIDI UKAISHA NA MOTO

Mwaka 2003 uliipiga Champagne mara mbili. Pigo la kwanza lilikuja Aprili, wakati mizabibu ilipokuwa imeanza kuchipua. Jalidi kali iliua machipukizi, na karibu nusu ya mavuno yaliyotarajiwa ikapotea kabla ya maua kuonekana. Chardonnay, ambayo huchipua mapema, ndiyo iliyoumia zaidi. Jambo hili lina uzito, kwa sababu Chardonnay ndiyo inayoleta ukali na wepesi katika mchanganyiko. Ikipungua, mtengenezaji hukosa kiungo muhimu.

Pigo la pili lilikuwa joto la Agosti. Wimbi la joto lililoikumba Ulaya ya magharibi mwaka huo liliacha msiba mkubwa: Ufaransa peke yake, vifo vilivyozidi idadi ya kawaida vilikadiriwa kufikia watu 15,000, wengi wao wazee. Mbele ya hayo, habari za zabibu ni jambo dogo. Lakini joto lile lile lililoingia majumbani liliingia pia mashambani, mchana na usiku, na kufanya kazi yake katika kila kichala kilichonusurika jalidi.

Zabibu inapoiva, mambo mawili hutokea kwa pamoja: sukari hupanda na asidi hushuka. Joto huharakisha yote mawili, na usiku ukiwa wa moto mzabibu huendelea kuunguza asidi yake badala ya kupumzika. Matokeo yake ni zabibu tamu mno zenye ukali mdogo. Kwa mtengenezaji wa mvinyo wa kawaida hilo si balaa. Kwa shampeni ni hatari, kwa sababu asidi ndiyo inayoupa mvinyo wa povu uchangamfu wake, na ndiyo inayousaidia usichoke haraka wakati wa kukaa ghalani miaka mingi.

Uchumaji ukaanza Agosti, mapema kuliko mwaka wowote tangu 1822. Baadhi ya wakulima walikatiza likizo zao za kiangazi kurudi shambani. Hali ilikuwa ngeni kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulitoa ruhusa maalumu ya kuongeza asidi katika mvinyo wa mwaka huo, jambo ambalo katika nchi ya baridi kama Champagne halikuzoeleka.

WALIOTOA NA WALIOKATAA

Kila kampuni ilikabiliwa na swali moja: tuandike 2003 kwenye lebo, au tuufiche mwaka huu ndani ya mchanganyiko? Majibu yalitofautiana, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mgawanyiko wa soko.

Wengi walikataa. Salon, kampuni ndogo ambayo hutoa shampeni katika miaka michache tu inayoichagua, haikutoa ya 2003. Bollinger ilitafuta njia ya katikati: haikutumia jina la La Grande Année, ambalo ndilo la shampeni yake ya mwaka, bali ilitoa chupa yenye jina la pekee, "2003 by Bollinger". Mfanyabiashara anaielewa lugha hiyo. Ni sawa na muuza vitambaa anayetoa jora jipya bila kulipa daraja lake la kawaida. Anauza, lakini jina lake kuu halidhamini.

Wengine waliutoa kwa ujasiri. Krug ilitoa 2003 yake, na tena iliitoa kabla ya ile ya 2002, kinyume cha mpangilio wa miaka, kwa kuwa iliona ya mwaka wa joto imekomaa mapema kuliko kaka yake. Naye Richard Geoffroy, aliyekuwa mkuu wa utengenezaji wa Dom Pérignon kuanzia 1990 hadi 2018, aliamua kuutamka mwaka 2003. Kwa kuwa Chardonnay ilikuwa imeliwa na jalidi, Pinot Noir ilipewa nafasi kubwa kuliko kawaida. Chupa hizo zilianza kuuzwa mwaka 2012, na mara moja mabishano yakaanza.

Waliozoea Dom Pérignon nyepesi na yenye ukali wa ndimu walikuta mvinyo mzito, mpana, wenye ladha za matunda yaliyoiva sana. Baadhi walisema ni kazi ya ustadi mkubwa. Wengine walisema ni shampeni nzuri ya kunywa sasa, si ya kuweka. Hapo ndipo hesabu ya mwekezaji inapoguswa, kwani mtu anayenunua ili kuuza baada ya miaka 10 hanunui ladha ya leo. Ananunua imani ya mnunuzi wa kesho kwamba mvinyo huo bado una uhai.

HOJA ZA PANDE MBILI

Wanaoshabikia 2003 wana hoja yenye nguvu kutoka historia. Dom Pérignon yenyewe ilianza na mwaka wa joto: toleo lake la kwanza kabisa lilikuwa la 1921, mwaka wa ukame na jua kali, na liliingia sokoni 1936. Baadaye miaka ya joto ya 1947 na 1959 ilitoa shampeni ambazo hadi leo hutajwa kwa heshima minadani. Hata 1959, ambayo asidi yake ilikuwa ndogo, ilidumu kwa miongo mingi. Kwa nini basi 2003 isifuate njia hiyo?

Wanaopinga nao wana jibu. Mwaka 1947 na 1959 uchumaji ulianza Septemba, si Agosti, na zabibu zilipata muda mrefu zaidi wa kukomaa. Tena 2003 ilikuwa na mapigo mawili, si joto pekee. Jalidi ilikuwa imeshaondoa sehemu kubwa ya zile Chardonnay ambazo zingesaidia kusawazisha. Kwa maoni yao, mtu anayetumia 1959 kuitetea 2003 anafananisha wagonjwa wawili kwa kuwa wote walikuwa na homa.

Soko, ambalo halina upande, limetoa hukumu yake kwa njia ya bei. Kwa kawaida wanunuzi huipa Dom Pérignon ya 2002 thamani kubwa kuliko ya 2003, ingawa 2003 ndiyo iliyotokana na mavuno madogo zaidi. Hii ndiyo pointi ambayo mwekezaji mdogo anapaswa kuizingatia. Kama uhaba peke yake ungepanga bei, 2003 ingekuwa juu. Haiko hivyo, kwa sababu mnunuzi wa bidhaa ya kifahari ana hiari ya kununua mwaka mwingine. Mpishi wa mjini hana hiari ya kuacha kununua vitunguu. Tajiri wa London au Hong Kong ana hiari ya kuacha 2003 na kuchukua 2002, 2004 au 2008. Palipo na mbadala, uhaba hupoteza makali.

JE, MZIGO UNAJULIKANA?

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi. Dom Pérignon humilikiwa na Moët & Chandon, ambayo iko ndani ya kampuni kubwa ya LVMH iliyoundwa 1987, na idadi ya chupa zinazotengenezwa kila mwaka haitangazwi. Mwekezaji anaambiwa bidhaa ni adimu bila kuonyeshwa daftari la ghala.

Aidha, kampuni haiuzi chupa zote mara moja. Sehemu ya kila mwaka hubakizwa juu ya mashapo na kutolewa baadaye, kiasi cha miaka 15 tangu mavuno au zaidi, kwa jina la P2, na nyingine baada ya kiasi cha miaka 25 kwa jina la P3. Mwaka 2003 nao umetolewa kwa jina la P2. Chupa hizo huwa ghali kuliko zile za kwanza, na kwa upande mmoja zinasaidia, maana zinatangaza kwamba mwenye mali bado anaiamini 2003. Kwa upande mwingine, zinamaanisha kwamba mwenye chupa ya toleo la kwanza anashindana na mtengenezaji mwenyewe, ambaye ana mzigo uliotunzwa vizuri zaidi na usiowahi kutoka nje ya ghala lake.

BEI HUPANGWA WAPI?

Bei za mvinyo wa kuhifadhi hupatikana katika njia tatu. Ya kwanza ni minada, ambako mnada mmoja wenye wanunuzi wawili washindani unaweza kutoa bei isiyorudiwa tena. Ya pili ni maduka na madalali wanaotangaza bei wanazotaka, ambazo si lazima ziwe bei wanazopata. Ya tatu ni Liv-ex, soko lililoanzishwa London mwaka 2000, ambako wafanyabiashara wa mvinyo huuziana wao kwa wao na ambalo hutoa vipimo vya mwenendo wa bei, kimoja kikiwa cha shampeni.

Mwekezaji binafsi haingii Liv-ex mwenyewe. Hupitia kwa mfanyabiashara mwanachama. Lakini vipimo vyake vinafaa kuangaliwa, kwani vinatokana na biashara zilizofanyika na bei zilizowekwa mezani, si na ndoto za muuzaji. Vipimo hivyo vilionyesha shampeni ikipanda kwa kasi katika miaka ya 2021 na 2022, wakati fedha zilikuwa nyingi mikononi mwa matajiri na riba zikiwa chini. Kisha 2023 na 2024 bei zikashuka. Walionunua kileleni kwa kuona mchoro wa bei unapanda waligundua kuwa mchoro huo unajua pia kuteremka.

Katika kipindi chote hicho, mvinyo wenyewe haukubadilika. Kilichobadilika ni riba na hamu ya wanunuzi. Yeyote anayedhani amenunua bidhaa isiyohusiana na mambo ya fedha ya dunia ajue kwamba hata chupa iliyofungwa kwa kizibo husikia riba ikipanda.

HESABU KABLA YA SHANGWE

Tuchukue mfano wa kubuni ili kuonyesha njia ya kukokotoa. Mwekezaji amenunua kasha la chupa 6 kwa pauni 1,000. Ghala na bima humgharimu pauni 15 kwa mwaka. Anakusudia kuuza baada ya miaka 5 kupitia kwa dalali anayechukua kamisheni ya asilimia 10.

Gharama za ghala kwa miaka 5 ni pauni 75, hivyo ametumia jumla ya pauni 1,075. Ili dalali akishakata asilimia 10 yeye arudishiwe fedha hizo, kasha lazima liuzwe kwa pauni 1,194 hivi. Maana yake, bei ipande kwa zaidi ya asilimia 19 ndipo asipate hasara. Bado hajapata faida hata ya senti moja.

Sasa tuseme fedha zile zile angeziweka mahali salama panapolipa riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Baada ya miaka 5 pauni 1,000 zingekuwa 1,276. Ili shampeni imfikishe hapo baada ya kulipia ghala na dalali, lazima iuzwe kwa kiasi cha pauni 1,501. Ni ongezeko la asilimia 50. Huko ni kulingana na benki tu, si kuipita.

Kwa mwekezaji wa Afrika Mashariki kuna hesabu ya ziada ya fedha za kigeni. Amenunua kwa pauni, atauza kwa pauni, lakini maisha yake yako katika shilingi. Shilingi ikidhoofika, atapata ahueni ambayo haikutokana na mvinyo. Ikiimarika, faida yake italiwa njiani. Ni vyema pia aulize benki yake kuhusu taratibu za kupeleka fedha nje kabla ya kuahidi malipo, si baada.

GHALA NI NUSU YA BEI

Shampeni haipendi joto, mwanga wala kutikiswa. Maghala ya chini ya ardhi ya Champagne, yaliyochimbwa katika miamba ya chokaa, hubaki katika nyuzi joto 10 hadi 12 mwaka mzima. Chupa iliyokaa miezi michache katika stoo ya Dar es Salaam, ambako nyuzi 30 ni jambo la kawaida, inaweza kuonekana nzuri kwa nje na kuwa imeshaharibika ndani. Na mnunuzi wa kesho hawezi kuifungua ili kuonja. Anachoweza ni kuuliza ilikaa wapi.

Kwa sababu hiyo biashara hii hufanyika zaidi ndani ya maghala ya forodha, hasa Uingereza. Mvinyo ulioko humo haujalipiwa ushuru wala kodi ya ongezeko la thamani. Kodi hizo hudaiwa pale tu unapotolewa kwa matumizi. Faida kubwa zaidi ni karatasi. Ghala hutunza kumbukumbu ya lini kasha liliingia na nani analimiliki, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayouzwa pamoja na chupa. Kuileta nyumbani kuionyesha kwa wageni ni sawa na kuitoa sokoni.

Karatasi zina umuhimu mwingine: udanganyifu. Desemba 2013 mahakama ya New York ilimtia hatiani Rudy Kurniawan kwa kuuza mvinyo wa kughushi, na mwaka 2014 akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Nyumbani kwake California wapelelezi walikuta lebo na vifaa vya kutengenezea chupa bandia. Yeye alighushi zaidi mvinyo wa Burgundy na Bordeaux, lakini somo ni la wote: wanunuzi wake walikuwa watu wazoefu wenye fedha, na walidanganyika. Baadhi ya watengenezaji wameanza kusaidia; Krug, kwa mfano, huweka nyuma ya chupa namba ya utambulisho inayomwezesha mnunuzi kujua habari za chupa hiyo.

Ukubwa wa chupa nao una maana. Chupa ya kawaida ni mililita 750; ile iitwayo magnum ni lita 1.5. Magnum huzeeka polepole, kwa kuwa ina mvinyo mara mbili lakini hewa iliyomo shingoni inakaribia kuwa ile ile. Kwa mwaka wenye asidi ndogo kama 2003, ambako wasiwasi mkubwa ni mvinyo kuchoka mapema, tofauti hiyo si ya urembo tu.

JOTO LILIPOKUWA JAMBO LA KAWAIDA

Yapo mabadiliko ambayo hakuna aliyeyaingiza katika hesabu mwaka 2003. Wakati huo uchumaji wa Agosti ulionekana ni tukio la mara moja katika karne mbili. Tangu hapo umejirudia mara kadhaa, ikiwemo 2007, 2011, 2018, 2020 na 2022. Kwa wastani mavuno ya Champagne siku hizi huanza zaidi ya wiki mbili kabla ya ilivyokuwa miaka 30 iliyopita.

Watengenezaji wamejifunza. Wanachuma mapema, wanachagua mashamba yenye upepo wa baridi, na baadhi huacha asidi ya asili ya mvinyo bila kuilainisha kama walivyozoea. Wengine wanatazama kaskazini: mwaka 2015 Taittinger ilitangaza kununua ardhi Kent, kusini mwa Uingereza, kwa ajili ya kupanda mizabibu ya mvinyo wa povu.

Kwa mwenye 2003 ghalani, habari hizi zinakata pande mbili. Upande wa kwanza, sifa ya "mwaka wa ajabu" inapungua thamani, kwani joto si ajabu tena, na miaka ya joto iliyofuata imetengenezwa na watu waliokwisha kupata mazoezi. Kinachoelekea kuwa adimu sasa ni mwaka wa ubaridi wa zamani. Ndiyo maana 2008, uliokuwa wa baridi kiasi na wenye asidi ya kutosha, ulipokelewa kwa shangwe kubwa. Upande wa pili, 2003 imepata nafasi katika historia kama mtihani wa kwanza wa zama mpya, na wakusanyaji hupenda chupa zenye habari ya kusimulia. Upande upi utashinda itategemea kitu kimoja: mvinyo uliomo ndani utakuwaje chupa zitakapofunguliwa katika miaka ijayo. Kila chupa inayofunguliwa ikiwa bado hai inapandisha zilizobaki. Kila inayofunguliwa ikiwa imechoka inazishusha.

USHAURI WA WIKI

Ndugu msomaji, ukurasa huu haukuambii nunua wala usinunue. Unakuambia uulize maswali haya kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, nani atainunua kutoka kwangu, na kwa kamisheni gani? Muuzaji anayeshindwa kujibu hilo anajua kuuza tu, hajui soko.

Pili, chupa ziko ghala gani, na je, nitapata hati yenye jina langu? Hati ya jina la kampuni ya muuzaji haitakusaidia siku kampuni hiyo ikifilisika.

Tatu, bei ninayoambiwa ni ya biashara iliyofanyika au ni ya tangazo? Omba kuona bei za minada miwili au mitatu ya karibuni, si mmoja.

Nne, mvinyo huu unatarajiwa kuishi hadi lini? Dhahabu haina tarehe ya mwisho. Shampeni inayo, na ya mwaka wa joto huenda ikawa karibu zaidi. Usipange kuuza baada ya tarehe hiyo.

Tano, fedha hizi nikizihitaji kesho nitazipata? Kasha la mvinyo linaweza kuchukua wiki au miezi kupata mnunuzi, na anayeuza kwa haraka huuza kwa hasara. Ada ya shule na mtaji wa duka havipaswi kufungiwa ndani ya chupa.

Mwenye majibu mazuri kwa maswali yote matano, na mwenye fedha asiyozihitaji kwa miaka mingi, anaweza kuingia akiwa macho. Aliyevutiwa na neno "adimu" peke yake na arudi kwenye kanuni tuliyoanza nayo, aisome tena pamoja na mpaka wake: uhaba hupandisha bei pale tu mnunuzi anapokuwa hana pengine pa kwenda.